Ndala za Idi Zilizobaki Kapuni

Picha ipo. Naanza na picha kwa sababu nawajua watu, mtu akitaja mambo ya fungu la mchanga la Maziwe mnatazamana na kukonyezana. Basi nendeni Maramba mkawaulize wale walimu waliokuja Pangani kutembea, wawaonyeshe kwenye simu zao. Boti imejaa watu, bahari nyuma yao imechafuka, na kule mbele kabisa amekaa mwanamume aliyejifunika kikoi cha buluu, amewapa mgongo. Polisi waliiona. Shehe wa mtaa wetu aliiona. Mama yangu aliiona akaibusu. Mimi niliitazama mara moja, na Mungu akinijalia sitaitazama ya pili.

Sisimulii haya ili nionewe huruma, huruma nimeshashiba. Nasimulia kwa sababu kila siku mnapanda maboti kwenda kutembea, mnahesabiana kama nazi, na hakuna anayewaambia kitu.

Nilikuwa mpishi kwenye boti ya matembezi pale Pangani. Tulikuwa watatu kazini. Nahodha wetu Mzee Shaali, mtu mbishi, sikio moja halisikii na la pili linasikia linachotaka. Mimi na masufuria yangu. Na Idi, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyekuwa akiwafundisha wageni kuvaa miwani na mrija wakaangalie matumbawe. Wengine wanne walikuwepo kabla yake katika kazi hiyo, hakuna aliyedumu. Idi alidumu kwa sababu alikuwa na subira na waoga. Alikuwa akimshika mkono mtu mzima anayetetemeka, akamzungusha kwenye maji ya kiunoni nusu saa nzima, mpaka mtu mwenyewe akasema sasa niache.

Nimtaje vizuri, mumjue. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ndoa yake na Mwanaisha haijamaliza mwaka. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikatwa na kamba ya nanga akabaki na nusu. Kwenye tahiyatu alikuwa akiinyanyua nusu hiyohiyo, na mimi nilikuwa nikimtania kwamba shahada yake haifiki juu. Alikuwa akipenda ukoko kuliko wali wenyewe. Baba alipofariki, yeye ana miaka sita na mimi kumi na minne, mama alinishika mkono akaniambia, "Huyu nakukabidhi wewe, mimi nguvu zimeniisha." Nikampokea. Nilimwogesha, nilimpeleka chuoni akasome Kurani, nilimpiga alipotoroka. Kazi ya boti nilimtafutia mimi. Kumbukeni hilo, maana mimi sijalisahau hata siku moja.

Sasa kulikuwa na utaratibu wa Mzee Shaali, alioukuta kwa baba yake. Boti ikifika Maziwe hakuna anayekanyaga fungu na viatu. Kila mtu anavua, viatu vinaingia kwenye kapu kubwa la ukindu, kapu linakaa botini. Wakati wa kurudi kila mmoja anachukua vyake. Kapu likiwa tupu, watu wametimia. Likibaki na viatu, hatuondoki, hata bahari ije juu vipi. Ndiyo ilikuwa hesabu yake, na watu kwa mdomo hahesabu kamwe.

Bosi wetu, kijana muungwana tu, sina ugomvi naye, alituletea fomu. Idadi ya watu wa kwenda, idadi ya watu wa kurudi, saini. Kwa kuwa mimi ndiye niliyefika kidato cha nne, fomu nikapewa mimi. Wallahi nilijiona mtu. Mzee Shaali akaitazama ile karatasi kama chakula kilicholala, akaniambia, "Andika utakavyo, mwanangu, ila juu ya fungu usihesabu watu kwa sauti. Wakisikia idadi watajua nafasi ni ngapi."

Nikamuuliza akina nani hao.

"Wasiovaa viatu," akasema, akaenda zake kuwasha mashine.

Mimi na Idi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tulicheka, ndiyo. Sitawadanganya kwamba moyo ulinidunda wala nini. Moyo haukusema kitu.

Siku yenyewe ilikuwa ya bamvua, maji yanakupwa sana na kujaa sana. Wageni walikuwa walimu tisa kutoka shule moja ya Maramba, watu wa milimani na mashambani, wengine bahari walikuwa wakiiona kwa mbali tu wakipita na gari. Mwalimu mkuu wao alikuja na viatu vya kamba na soksi nyeupe. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike anaitwa Zawadi, mcheshi, simu haitoki mkononi, kila kitu anapiga picha, mpaka vitunguu vyangu. Tisa wao, watatu sisi. Kumi na wawili.

Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi. Tulipotoka mlangoni mwa mto tu, pomboo wakaja. Niliwaona pomboo wengi katika kazi ile, lakini siku hiyo walikuja hasa, ishirini na kitu, wanapita chini ya boti wanatokea upande wa pili, na mmoja ana mtoto ubavuni. Mwalimu mkuu akasema taratibu kwamba amefundisha habari za pomboo miaka kumi na saba na hajui alikuwa akifundisha nini. Idi alifurahi kama amewaumba yeye.

Maziwe ni mchanga, basi. Wazee wanasema zamani palikuwa na miti na kivuli. Sasa maji yakipwa mchanga unatoka, maji yakijaa unazama, na ukipita juu yake hujui kama asubuhi watu walikula pale pilau. Tulifika fungu limeshatoka refu na jeupe, membe wametua upande mmoja. Viatu vikaingia kapuni. Tukasimika miti minne tukafunga turubai, maana kivuli kingine hakuna.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Walimu walikuwa wamesimama wananitazama, na mimi nina fomu na kalamu, nataka waone kwamba hata mpishi kasoma. Nikasimama katikati ya mchanga nikawanyooshea kidole mmoja mmoja, kwa sauti ya darasani kabisa. "Mmoja, wawili, watatu," mpaka nikajihesabu mwenyewe, "kumi na wawili. Tumetimia." Zawadi akanipigia makofi. Mzee Shaali alikuwa botini anashughulika na nanga. Aliniangalia muda mrefu, halafu akageuza uso akatazama maji. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mnataka kujua kama kulikuwa na dalili? Ilikuwepo moja, na nilikuwa nayo miguuni. Nilipokwenda kuosha mchele upande wa pili wa fungu, ambako hajafika mtu, niliona nyayo za mtu peku zimetoka majini zimekuja upande wa turubai. Za kutoka majini tu, za kurudi hakuna. Nikasema moyoni ni Idi huyo, kazunguka. Nikaendelea na mchele wangu.

Asubuhi ile ilikuwa njema, na hilo ndilo linaloniuma. Idi alifunga kamba yake ya maboya kule matumbawe yanakoanza, ili wageni washike wasichukuliwe na mkondo, akawapeleka wawili wawili. Waliona kangu, waliona bunju amejivimbisha, waliona viti vya pweza, vile vyenye mikono mitano, vyekundu chini kwenye nyasi. Mwalimu mkuu alikataa kuingia, akabembelezwa, akakataa, mwishowe akatia uso majini akiwa ameng'ang'ania bega la Idi. Kasa akapita chini yake, mkubwa, hana haraka. Mtu mzima yule alipoinua uso alikuwa analia ndani ya miwani. Idi akaja kunihadithia, maji yanamchuruzika, akalamba kijiko changu cha mchuzi nikampiga nacho.

Kama saa saba hivi upande wa kusi ukawa mweusi. Mvua za ghafla tunazijua, lakini hii ilikuja na upepo wake mbele. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi, fungu limebaki ukanda. Mzee Shaali akapiga mluzi, watu wapande. Idi akaniambia, "Dada, nakwenda kufungua kamba ya maboya, dakika kumi tu. Niwekee ukoko."

Nikamwambia asichelewe. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, usichelewe, kama mtu anayekwenda dukani.

Mvua ikatupiga. Hakuna aliyemwona mwenzake vizuri. Upepo uling'oa turubai na miti mitatu, tukavikokota botini, mti wa nne tukauacha umesimama. Walimu wanapanda, wanateleza, wanashikana. Kapu la viatu lilikuwa limefunikwa na turubai lililolowa, na juu ya turubai wamekaa watu. Mimi nina fomu kwenye mfuko wa nailoni. Nikahesabu vichwa. Walimu tisa. Nahodha kwenye mashine. Mimi. Na kule mbele, omoni, amekaa Idi amejifunika kikoi chake cha buluu alichokuwa amekiacha hapo asubuhi, kichwa na mabega, ametupa mgongo.

"Kamba umeifungua?" nikampigia ukelele juu ya mvua. Akatikisa kichwa, ndiyo.

Nahodha akauliza, "Tumetimia?"

"Tumetimia, nahodha."

"Kapu je?"

Nisikilizeni vizuri hapa. Aliniuliza kapu je. Na mimi nikamjibu, tena kwa ukali, maana nilikuwa nimelowa na nimechoka na utaratibu wake wa kizee, "Kapu liko chini ya turubai, watu wamelikalia. Nimehesabu vichwa, wako kumi na wawili, twende." Akasita. Wimbi likatupiga ubavuni, mwalimu mmoja akapiga yowe, naye akatia gia.

Njiani mvua ilipungua. Nikawamiminia watu chai ya tangawizi iliyobaki kwenye chupa. Nikampelekea na Idi. Hakugeuka. Mkono ulitoka kwenye kikoi ukapokea kikombe, mkono wa kulia, ncha za vidole zimekunjana kama za mtu aliyefua kutwa. Vidole vitano. Vitano vizima, na cha shahada kimo. Niliviona kama ninavyowaona ninyi hapa. Macho yaliona, akili haikupokea, nikarudi kukaa. Nilihesabu watu, sikuhesabu vidole. Nyuma yangu Zawadi alikuwa anapiga picha, anasema tucheke jamani, tumeokoka.

Tuliingia mtoni, tukafunga upande wa mjini karibu na kivuko, saa tisa kasoro. Turubai likaondolewa, kapu likatoka, walimu wakachukua viatu vyao. Mwalimu mkuu akavaa soksi zake zilizolowa. Nahodha akachukua vyake. Nami vyangu. Kapuni zikabaki ndala za kijani, mkanda mmoja umefungwa kwa waya.

"Idi, njoo uchukue ndala zako."

Omoni hakukuwa na mtu. Kikoi kilikuwa kimelala juu ya ubao, na kikombe kando yake kimejaa mpaka juu. Nikauliza nani kamwona akishuka. Hakuna. Zawadi akasema labda kashuka upande wa maji. Lakini mimi nilikuwa nimeshakitia kidole kile kikombe nikaonja. Ilikuwa chumvi tupu, na chini mna mchanga mweupe. Mchanga wa Pangani ukingoni ni wa tope, mnaujua. Nikamtazama Mzee Shaali, na Mzee Shaali alikuwa anatazama ndala.

Akawasha mashine.

Ile safari ya kurudi siwezi kuisimulia vizuri. Nilikaa omoni nimeshika ndala za mdogo wangu, na simu yake ilikuwa ikiita ndani ya mfuko wake usioingia maji, miguuni pangu. Mwanaisha alikuwa akipiga kuuliza tutafika saa ngapi. Sikupokea. Ningemwambia nini?

Tulifika saa kumi na dakika zake, maji yamejaa. Fungu hakuna. Bahari imetulia na jua limetoka, kama hakuna kilichotokea. Kilichobaki ni ule mti wa nne wa turubai, umetoka juu ya maji kiasi cha mkono, na kwenye ncha yake imefungwa fulana ya Idi, nyekundu, inapepea. Chini ya fulana alikuwa amefunga kamba yake ya maboya, maboya yote yanaelea yamepangana vizuri. Alikuwa ameifungua kamba, kama alivyosema. Akarudi, akatukuta hatupo. Akapanda mti akafunga fulana ili tumwone kwa mbali, akashika kamba, akangoja.

Alingoja kwa sababu alijua nitahesabu. Mwajua, hilo ndilo linalonila. Idi alikuwa mwogeleaji. Maji yalipokuwa ya magoti angeweza kuanza kuogelea mapema, mkondo bado haujashika. Hakwenda. Alisema moyoni, dada yuko kwenye boti, dada atatazama kapu, ataona ndala zangu, watarudi sasa hivi. Alitusubiri mpaka maji yakamfika pale yalipomfika.

Tuliita mpaka magharibi. Wavuvi walikuja wakatusaidia. Kesho yake wakaja wazamiaji na maofisa, na hapo ndipo ile picha ilipotumaliza. Maana walimu, kwa nia njema kabisa, waliionyesha. Afisa akaikuza kwa vidole akaniuliza, "Huyu omoni ni nani?" Walimu tisa wakajibu ni Idi, alirudi na sisi. Na fomu yangu, kwa mkono wangu na saini yangu, imeandikwa waliorudi kumi na wawili. Nikasema hapana, si yeye, tazameni vidole. Kwenye picha mkono umo ndani ya kikoi. Nikasema fulana imekutwa kule. Wakasema aliitundika asubuhi. Basi siku tatu nzima walizamia mlangoni mwa mto, kwenye tope, wakimtafuta mtu ambaye hakuwahi kufika huko. Nilisimama ukingoni nikipiga kelele mpaka wakanitoa. Wavuvi rafiki zake peke yao ndio waliokwenda Maziwe, na siku ya nne nao wakachoka. Idi hajaonekana mpaka leo. Hatukupata hata cha kuvika sanda.

Mama hakunipiga wala hakunilaani. Aliniuliza swali moja, nimekaa miguuni pake. "Ulimhesabu?"

"Nilimhesabu, mama."

Na ni kweli. Hebu niambieni kama si kweli.

Mzee Shaali aliacha bahari. Nilikwenda kumwona, nikampa shikamoo, akaitikia akiwa ametazama ukutani. Nikamwomba anieleze alichokuwa akikijua. Akasema hakuna anachojua, naye aliambiwa na baba yake, na baba yake aliambiwa. "Hawana ubaya na mtu," akasema. "Wakisikia nafasi, wanakaa. Kapu nililiuliza, mwanangu. Ningeinuka nikalitazama mwenyewe." Halafu akalia, mzee mzima, na machozi yake na yangu yalikuwa ya jambo moja.

Mngedhani yameishia hapo. Hata mimi nilidhani.

Nyumbani tuko wanawake watupu. Mama, mimi, binti zangu wawili, na Mwanaisha ambaye alikaa eda kwetu na baada ya eda hakuondoka. Watano. Ndala za Idi mama alizichukua kwangu akaziweka mlangoni, pamoja na zetu, zimeelekea ndani. Nilipotaka kuzitoa alinishika mkono akasema, "Akija atavaa nini?" Nikaziacha. Na kila akipakua, ukoko anauweka upande wake, upande ambao hakai mtu. Mwenyewe hali. Tangu siku ile mama alikuwa akila matonge mawili, matatu, basi, ananawa. Alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni.

Mimi nikawa sihesabu watu tena, hata wanangu wakirudi shule. Natazama viatu.

Ijumaa moja, mchana, jua la saa saba linaingia mpaka ndani ya ukumbi, tumekaa mkekani tumezunguka sinia la wali na samaki. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nachambua miba kwa ajili ya mwanangu mdogo. Nikaona mikono inaingia siniani. Wa mama, una mikunjo. Ya wanangu miwili. Wangu. Na mmoja upande wa ukoko. Mitano, nikajisemea, na roho ikatulia, tumetimia. Nikachambua mwiba mwingine. Ndipo nilipokumbuka kwamba Mwanaisha alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Moa kwao, nimempakiza mimi mwenyewe kwenye bodaboda na mkoba wake.

Sikuinua uso. Niaminini, shingo ilikataa. Niliutazama mkono. Mkono wa kulia, ncha za vidole zimekunjana na maji, na chini ya kucha mna mchanga mweupe. Kidole cha shahada kizima. Kingekuwa nusu, nawaapia, ningeinua kichwa, ningemkumbatia hata awe nini. Lakini kilikuwa kizima, nami nikajua kwamba hata hicho kidogo sitapewa.

Mkono ulivunja ukoko. Na mama akausukuma ukoko uliobaki ukaufikia. Kisha mama akala. Alikula tonge, akala jingine, akaomba nimwongeze mchuzi. Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu siku ya boti. Alikula kama mtu mwenye watoto wake wote ndani.

Mngefanya nini ninyi? Mngepiga kelele? Mngemsomea ayatul Kursiy mbele ya mama yenu aliyeanza kula? Mimi nilisoma kimya, na nusu yake nikaisahau. Halafu nikamwongeza mama mchuzi.

Baadaye nilikwenda mlangoni. Jozi zilikuwa tano, na za kijani zimelowa.

Shehe kaja mara mbili kasoma. Anaondoka, tunakaa wiki, wiki mbili, halafu mama anaanza kupangusa midomo na kuuliza leo kuna samaki gani, nami najua. Mwanaisha nimemwambia aende Moa akakae huko moja kwa moja, sikumwambia sababu, na sasa kapata mchumba. Binti zangu hawaoni kitu au wanaona hawasemi, sijathubutu kuwauliza. Mama ananenepa. Majirani wanasema alhamdulillahi, mama yako kapoa. Na mahali pa Idi panapata joto, na siku ile Idi mwenyewe akirudi, hata kwa muujiza, atakuta pamekaliwa, na hesabu imetimia.

Basi mimi nawaambia, na mkicheka mcheke. Mkienda Maziwe, au fungu lolote linalotoka na kuzama, msijihesabu kwa mdomo. Vueni viatu, vitieni kapuni, na msiondoke kabla ya kulitazama kapu kwa macho yenu, hata mvua iwe ya mawe, hata watu walie. Na mtu wenu akipotea baharini, viatu vyake msiviweke mlangoni. Vitoeni siku ileile, wapeni masikini, hata mama yenu akilia.

Za Idi zipo pale. Kila nikizishika nizitoe namwona mama anavyokula, nazirudisha, nazigeuza zielekee ndani.